ST. HELENA HADI ASCENSION: SAA MBILI ANGANI, MWEZI MZIMA KUNGOJEA

Na Mwandishi Wetu

Katika ramani ya dunia inayotundikwa ukutani madarasani, sehemu ya kusini ya bahari ya Atlantiki huonekana kama uwanda mtupu wa buluu baina ya Afrika na Amerika ya Kusini. Msomaji akisogeza uso karibu, ataona vitone viwili vidogo ambavyo aghalabu mwalimu huvipita bila kuvitaja, na ambavyo mwanafunzi huweza kudhani ni uchafu wa nzi. Kimoja ni kisiwa cha St. Helena. Kingine, kilicho juu yake kidogo upande wa kushoto, ni Ascension. Vyote viwili vingali chini ya Uingereza mpaka leo.

Baina ya vitone hivyo pana kilomita zipatazo 1,300. Ndege ya jeti huukata umbali huo kwa muda wa takriban saa mbili. Kwa mfanyakazi wa mjini aliyezoea kusimama kituoni saa nzima akingoja basi, kisha saa nzima nyingine ndani ya basi lenyewe, saa mbili si jambo la kulisimulia. Lakini waulize watu wa visiwa hivyo, nao watakwambia kwamba swali la "safari ni ya muda gani?" lina majibu mawili. Kuna jibu la rubani na kuna jibu la abiria. La rubani ni saa mbili. La abiria limewahi kuwa siku thelathini.

JINSI UMBALI UNAVYOPIMWA

Kwanza tuupime huo umbali wenyewe, maana hesabu yake si ngumu na kijana yeyote wa sekondari anaweza kuifanya.

St. Helena iko takriban nyuzi 16 kusini mwa Ikweta, karibu usawa mmoja na mji wa Angoche katika pwani ya Msumbiji. Ascension iko karibu nyuzi 8 kusini, sawasawa na kisiwa chetu cha Mafia. Maana yake ni kwamba mtu akisimama Kilindoni, akaelekea magharibi bila kupinda, akavuka Tanzania nzima, kisha Kongo, kisha kaskazini mwa Angola, halafu akaingia baharini na kwenda kilomita nyingine kama 3,000, angegonga Ascension. Kwa hiyo mahali hapa ambapo twapaona kuwa ni mwisho wa dunia, panapigwa na jua lile lile la saa sita linalowapiga wavuvi wa Mafia, ila kwao hufika baadaye. Saa za visiwa hivyo ni sawa na saa za Greenwich, nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kwao ikiwa saa sita mchana, kwetu ni saa tisa alasiri. Baina ya visiwa vyenyewe saa hazitofautiani, ingawa kimoja kiko magharibi ya kingine.

Kutoka kisiwa hiki hadi kile, tofauti ya kaskazini na kusini ni karibu nyuzi 8, na ya mashariki na magharibi ni karibu nyuzi 9. Mstari unaoviunganisha kwa mshazari juu ya mviringo wa dunia una urefu usiofika nyuzi 12, yaani nyuzi 11 na sehemu saba za kumi. Kila uzi mmoja wa namna hiyo ni maili 60 za baharini, na kila maili ya baharini ni kilomita 1.852. Zidisha, utapata maili 702, au kilomita 1,300.

Ili msomaji apate picha, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa njia ya anga ni kilomita 1,080 hivi. Reli ya Kati, kwa kuwa hupindapinda ikitafuta stesheni zake, ina urefu wa karibu kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Basi chukua reli hiyo yote, ondoa Morogoro, ondoa Dodoma, ondoa Tabora, ondoa kila stesheni ambapo abiria hununua mahindi ya kuchoma na asali dirishani, weka maji matupu mahali pake. Huo ndio mwendo wa kutoka St. Helena hadi Ascension. Na hao ndio majirani wa karibu zaidi. Pwani ya Afrika iko mbali na St. Helena kwa zaidi ya kilomita 1,800. Kutoka Johannesburg, ambako ndege za abiria huanzia, ni karibu kilomita 3,700.

MELI ILIYOKUWA KILA KITU

Kwa zaidi ya miaka mia tano tangu Wareno walipokiona kisiwa cha St. Helena mwaka 1502, hapakuwa na njia ya kufika huko isipokuwa meli. Zamani jambo hilo halikuwa tatizo, kwa sababu meli zote zilizotoka India na mashariki kwenda Ulaya zilipita hapo kuchota maji na kununua mboga. Ulipofunguliwa mfereji wa Suez mwaka 1869, njia kuu ya biashara ikahama. Meli zikapungua mwaka hata mwaka, na kisiwa kikabaki kama duka lililo kando ya barabara ya zamani.

Mwaka 1977 kampuni ya Union-Castle, ambayo meli zake zilikuwa zikipita hapo katika safari za Afrika ya Kusini, iliacha safari hizo. Mwaka uliofuata ikaanza meli maalumu iliyoitwa RMS St Helena, na mwaka 1990 ikaingia nyingine mpya yenye jina hilo hilo, iliyoundwa Aberdeen. Herufi za RMS maana yake ni meli ya posta ya kifalme. Kwa wakazi wa huko ilikuwa zaidi ya posta. Ilileta unga na dawa, ilileta magari na vipuri, ilileta viazi, ilileta wajukuu kutoka Uingereza na kuwachukua vijana waliokwenda kutafuta kazi. Duka likiishiwa na kitu, jibu la mwenye duka lilikuwa moja: ngoja meli.

Meli ile ilikwenda kwa mwendo wa karibu maili 15 za baharini kwa saa. Gawa maili 702 kwa 15, utapata saa 47. Ndiyo kusema kwamba safari ya kwenda Ascension ilichukua siku mbili nzima bahari ikiwa shwari, na zaidi ya hapo ikiwa mbaya. Kwenda Cape Town ilikuwa siku tano au sita. Kisha kulikuwa na shughuli ya kuteremka. Mji wa Jamestown hauna gati la kufunga meli kubwa. Meli ilitia nanga nje, abiria wakashuka katika mashua, na mashua ikifika kwenye ngazi za mawe ufukoni, kila mmoja alishika kamba na kuruka wakati wimbi limeinuka. Wazee waliruka. Akina mama wenye watoto wachanga waliruka. Ascension nako hali ilikuwa hiyo hiyo, na siku ambapo mawimbi makubwa ya kaskazini yanapoingia Georgetown, hakuna anayeteremka kabisa. Abiria hubaki melini akiuangalia mlango wa nyumba yake.

Udhaifu wa kutegemea chombo kimoja ulionekana wazi mwezi Novemba 1999, meli ilipoharibika injini njiani ikalazimika kuingia bandari ya Brest, Ufaransa, kufanyiwa matengenezo. Kisiwa kizima kilikaa bila meli kwa majuma kadhaa, na waliokuwa safarini wakakwama ugenini. Kuanzia hapo madai ya kujengewa uwanja wa ndege yalipata nguvu. Mwaka 2002 wakazi walipiga kura ya maoni, na walio wengi wakataka uwanja.

UWANJA JUU YA JABALI

Ascension ilitangulia kupata uwanja, tena kwa miaka mingi. Mwaka 1942, vita kuu ya pili ikiwa imepamba moto, wahandisi wa jeshi la Marekani walichonga uwanja katika mwamba wa volkano kwa muda wa miezi michache tu, ili ndege zao zitokazo Brazil zipate pa kupumzika zikielekea Afrika. Uwanja huo uliitwa Wideawake, jina la ndege wa baharini wenye makelele ambao walikuwa wakitaga mayai kwa maelfu kwenye mwisho wa barabara ya kurukia. Baadaye ulirefushwa ukafikia zaidi ya mita 3,000. Mwaka 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland baina ya Uingereza na Argentina, ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyokuwa na shughuli nyingi kuliko vyote ulimwenguni. Hata hivyo uwanja huo ulijengwa kwa ajili ya majeshi. Mtu wa kawaida alisafiri pale palipopatikana nafasi.

St. Helena ilisubiri hadi karne hii. Kisiwa chenyewe ni milima na mabonde makali. Eneo lake ni kilomita za mraba 122 tu, na pahali tambarare ni pa kutafuta kwa taa. Palipopatikana ni uwanda wa Prosperous Bay, upande wa mashariki, karibu mita 300 juu ya bahari. Hata huo haukutosha. Makandarasi kutoka Afrika ya Kusini, walioanza kazi baada ya mkataba wa mwaka 2011, walilazimika kulijaza bonde zima kwa mawe na udongo wa mita za ujazo karibu milioni nane, ndipo ikapatikana barabara ya kurukia yenye mita 1,950. Gharama yote ilifika pauni milioni 285 za Uingereza, kwa ajili ya wakazi wasiofika elfu tano.

Ndege ya kwanza, ndogo yenye mapanga, ilitua mwezi Septemba 1915 na miaka mia, yaani 2015. Uwanja ulikuwa ufunguliwe Mei 2016. Mwezi Aprili ikaja ndege kubwa aina ya Boeing 737 kufanya majaribio, na hapo ndipo upepo ulipoonyesha tabia yake.

Upepo wa visiwa hivyo huvuma kutoka kusini-mashariki karibu mwaka mzima. Ni ndugu wa kusi yetu, ila kusi yetu hupumzika na kuiachia nafasi kaskazi, ule hauachi. Ukifika kwenye jabali lenye mamia ya mita hupanda juu kwa ghafla, ukajikunja na kuanguka upande wa pili. Ndege inayoshuka kutua hukutana na upepo wa nguvu, na sekunde chache baadaye ikakuta hewa iliyotulia au inayosukuma kinyume. Rubani huhisi kana kwamba sakafu imeondolewa chini yake.

La kustaajabisha ni kwamba jambo hilo lilikwisha andikwa zamani. Mtaalamu wa viumbe Charles Darwin alipita St. Helena mwezi Julai 1836. Akiwa amesimama kwenye uwanda unaokomea jabalini, aliona hatua chache mbele yake ndege wa baharini wakipigana na upepo mkali, hali pale aliposimama hewa ilikuwa imetulia. Aliponyoosha mkono ukingoni akausikia upepo kwa nguvu zake zote. Aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha safari, ambacho kimechapishwa mara nyingi na kupatikana katika maktaba nyingi. Mwandishi wa makala haya si mhandisi, wala hadai kwamba viwanja vya ndege hujengwa kwa kusoma vitabu vya safari. Lakini mtu hawezi kujizuia kutabasamu.

Ufunguzi ukaahirishwa, na magazeti ya Uingereza yakauita uwanja huo kuwa ni uwanja usio na kazi kuliko vyote duniani. Meli ambayo ilikuwa tayari imeandaliwa kustaafu ikaongezewa muda. Mwaka 2017 meli yenyewe ikapatwa na hitilafu ya rafadha, na mwezi Mei ikabidi ndege ya kukodi iende kuwachukua abiria waliokwama. Ilitua salama. Hatimaye, tarehe 14 Oktoba 2017, kampuni ya Airlink ya Afrika ya Kusini ilianza safari za kila juma kutoka Johannesburg kwa ndege aina ya Embraer E190, ambayo ni ndogo kuliko Boeing na yaweza kutua katika upepo ule. Mwezi Februari 2018 meli ya RMS St Helena iling'oa nanga Jamestown kwa mara ya mwisho, na watu wengi waliokuwa wamesimama ufukoni walilia.

SAA MBILI ZILIVYOKUWA MWEZI

Sasa turudi kwenye safari yetu baina ya visiwa viwili.

Mwezi Aprili 2017, kabla St. Helena haijapata ndege yake, barabara ya kurukia ya Ascension ilionekana kuwa imechakaa na kuingia mashimo. Ndege kubwa za kijeshi kutoka Uingereza, ambazo zilikuwa zikipitia hapo kwenda Falkland na kuwachukua pia raia, zikakatazwa kutua. Kazi ya kuikarabati ikachukua miaka. Kwa hiyo uwanja wa mita 3,000 uliojengwa tangu vita ukawa haufai kwa ndege kubwa, na njia ya abiria wa kawaida kuingia au kutoka Ascension ikawa ni kupitia uwanja mpya wa jirani, kwa ndege ile ile ya Embraer. Safari hiyo ilianza Novemba 2017. Ilipangwa mara moja kwa mwezi.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini isiwe kila juma, ikiwa ni saa mbili tu? Jibu liko katika mafuta na katika idadi ya watu. Kwa kawaida ndege ya abiria hutakiwa kuwa na pa kukimbilia endapo uwanja umefungika. Ndege itokayo Dar es Salaam kwenda Mwanza ikikuta mvua ya radi, rubani ana Kilimanjaro, ana Entebbe. Inayokwenda Ascension haina kitu. Ndani ya kilomita 1,200 za kila upande ni maji. Ni lazima ichukue mafuta ya kufika, mafuta ya kuzunguka ikingoja, na mafuta ya kurudi ilikotoka. Mafuta ni mzigo, na mzigo huo huchukua nafasi ya watu. Hata katika safari ya Johannesburg, ndege iliyo na viti karibu mia moja iliruhusiwa mwanzoni kupakia abiria 76 tu kuja kisiwani. Sasa weka upande wa pili kisiwa chenye watu wapatao 800. Hakuna kampuni itakayopeleka ndege kila juma kwa watu 800 bila kulipwa fidia na serikali, na serikali nayo ina hesabu zake.

WAFANYAKAZI WASIO NA KWAO

Lakini hao watu 800 ni akina nani? Hapa ndipo habari hii inapowagusa wasomaji wa ukurasa huu, ambao wengi wao ni wafanyakazi na wenye familia.

Ascension haina wenyeji. Hakuna mtu aliye na haki ya kuishi huko kwa kuwa amezaliwa huko. Kila mkazi yupo kwa mkataba wa kazi, au ni mume, mke au mtoto wa mwenye mkataba. Kuna kambi ya jeshi la Marekani, kuna ya Uingereza, kuna mitambo ya simu, na kuna kituo cha BBC kilichoanza mwaka 1966 kurusha matangazo ya mawimbi mafupi kuelekea Afrika na Amerika ya Kusini. Huenda baba yako, aliyekuwa akigeuza kisahani cha redio yake usiku akitafuta habari za dunia, aliwahi kusikia sauti iliyopita katika mwamba huo. Mkataba ukimalizika, mtu huondoka. Anaweza kuwa amefanya kazi hapo miaka thelathini, amepanda miti, amezika rafiki. Siku ya kustaafu hufunga masanduku. Watoto nao wakifikia utu uzima bila kupata kazi kisiwani hawana haki ya kubaki. Wengine walidai haki ya makazi, lakini mwaka 2006 serikali ya Uingereza ilikataa.

Na walio wengi miongoni mwa wafanyakazi hao hutoka St. Helena. Ndio wapishi, mafundi umeme, madereva, wauguzi, makarani na wasafishaji. Kwao St. Helena mishahara ni midogo na kazi ni chache. Ni habari ambayo mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyewaacha wazazi Songea au Bukoba haihitaji kufafanuliwa. Kwa hiyo ile njia ya kilomita 1,300 ni njia ya mfanyakazi kwenda kwa mamaye.

Fikiria fundi aliye Ascension, ambaye anapata habari Jumatatu asubuhi kuwa baba yake amefariki Jamestown. Habari yenyewe haikawii. Waya wa simu wa chini ya bahari uliviunganisha visiwa hivyo tangu mwaka 1899, na mwaka 2023 St. Helena ilianza kutumia waya mpya wa intaneti, tawi la ule uitwao Equiano unaotoka Ureno hadi Afrika ya Kusini. Fundi anaweza kuiona sura ya mama yake kwenye simu, akamwona analia, akahesabu nani wamefika kuketi matanga. Kama ndege ya mwezi iliondoka Jumapili iliyopita, hawezi kumfikia kabla ya siku ishirini na tano au zaidi. Sisi tunaotoka katika desturi ambapo mtu husafiri usiku kucha kwa lori ili awahi kutia udongo kaburini, tunaweza kupima uzito wa jambo hilo bila kuhitaji rula.

Wagonjwa nao wana habari yao. Jamestown kuna hospitali, lakini magonjwa mazito hutibiwa Afrika ya Kusini au Uingereza. Ascension ina hospitali ndogo zaidi, na mama mjamzito hatarajiwi kujifungulia huko. Humpasa kuondoka mapema. Hebu ona jinsi ratiba ya ndege inavyoingia mpaka katika hesabu ya miezi ya mimba. Mama huyo hakai akiuliza daktari tarehe ya kujifungua tu, bali pia ndege ya mwisho iliyo kabla ya tarehe hiyo. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba uwanja wa St. Helena umeleta nafuu kubwa hapa. Zamani mgonjwa wa haraka alingoja meli, au meli ngeni iliyokuwa ikipita iombwe ibadili njia. Sasa ndege ya wagonjwa yaweza kuitwa, na ikafika siku ile ile au ya pili yake, upepo ukiruhusu.

UMBALI KAMA GEREZA

Serikali za zamani zilijua vizuri sana thamani ya kilomita hizo, na zilizitumia. Waingereza walimleta Napoleon, mfalme wa Ufaransa aliyeshindwa vitani, wakamweka St. Helena mwezi Oktoba 1815. Mwezi huo huo wakapeleka askari kuikalia Ascension, ambayo hadi hapo haikuwa na mtu, kwa hofu kwamba Wafaransa wangeitumia kama kituo cha kumwokoa. Kwa hiyo kisiwa kimoja kilipata watu kwa sababu kingine kilipata mfungwa, ijapokuwa jahazi lilihitaji siku nyingi kutoka hapa hadi pale. Napoleon alifariki tarehe 5 Mei 1821. Habari zilifika London tarehe 4 Julai.

Alifuatwa na wengine. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alikaa huko kuanzia mwaka 1890 hadi 1897. Makaburu waliotekwa vitani waliletwa kwa maelfu. Nasi tuna mtu wetu katika orodha hiyo: Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar, ambaye jumba lake lilipigwa mizinga na manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vilivyokwisha kabla saa moja haijatimia. Alikimbilia kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam miaka ishirini. Waingereza walipomkamata mwaka 1916 walimpeleka uhamishoni, St. Helena na Shelisheli, kabla ya kumruhusu kurudi Afrika ya Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo majahazi huingia na kutoka kwa kila msimu alipewa adhabu ya kukaa mahali pasipo na msimu wala jahazi.

Wapo na wasiotajwa majina. Kuanzia mwaka 1840 Waingereza walipokuwa wakizikamata meli za watumwa katika Atlantiki, waliwateremsha St. Helena Waafrika zaidi ya 25,000, wengi wao wakiwa wagonjwa na wamekonda. Maelfu walifariki katika bonde la Rupert, wakazikwa hapo. Mwaka 2008, ilipotayarishwa barabara ya kupandisha mitambo kutoka ufukoni hadi mahali pa uwanja wa ndege, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mifupa ya watu 325, wengi wao watoto na vijana. Mifupa hiyo ilikaa ndani ya ghala kwa miaka mingi, uwanja ukajengwa, ndege zikaanza kutua, watalii wakaja na kuondoka. Ilizikwa upya mwezi Agosti 2022. Katika safari zote zilizofanywa na kisiwa hicho, hao ndio waliosubiri kuliko wote.

USIKU MMOJA AU MWEZI

Baada ya hapo mambo yalibadilikabadilika. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulizisimamisha safari za kawaida, zikaletwa ndege za kukodi kutoka Uingereza. Mwaka 2022 ndege ya Johannesburg ikarudi. Mizigo yaendelea kuja kwa meli kutoka Cape Town, na mwenye duka angali anawajibu wateja wake kuwa wangoje. Ile meli ya RMS iliuzwa, na baadaye ikageuzwa kuwa chombo cha kubebea magari ya mashindano yaendayo kwa umeme, ikaizunguka dunia ambayo abiria wake wa zamani hawakupata kuiona.

Lakini ratiba iliyoanza Novemba 2017 inastahili kutazamwa mara moja zaidi, kwa kuwa inaeleza yote. Ndege ilifika St. Helena Jumamosi ikitoka Johannesburg. Ilishusha abiria, ikatia mafuta, ikaendelea Ascension, ikafika huko saa mbili baadaye. Marubani walilala. Jumapili ndege iligeuza, ikarudi St. Helena, na kutoka hapo Johannesburg, isionekane tena Ascension mpaka mwezi uliofuata. Mzazi aliyepanda Jamestown kwenda kumtazama mwanawe anayefanya kazi huko alikuwa na uchaguzi wa aina mbili: kukaa naye usiku mmoja, au kukaa naye mwezi mzima.